Nani Anamdai Nani: Haki na Wajibu katika Jumuiya ya Chuo Kikuu

Chuo kikuu kilikuwa watu kabla ya kuwa majengo. Neno la Kilatini universitas, lililozaa jina la taasisi hii katika lugha nyingi za Ulaya, lilimaanisha chama cha watu walioungana kulinda maslahi yao, sawa na chama cha waashi au cha wafumaji. Huko Bologna, katika karne ya 12 na ya 13, wenye chama walikuwa wanafunzi. Walikuwa wageni mjini, wengi wao watu wazima waliokuja kusoma sheria, na wao ndio waliowalipa walimu. Mwalimu aliyechelewa kuanza darasa, aliyepitiliza muda au aliyeruka kifungu kigumu cha sheria ili asijisumbue alitozwa faini. Paris mambo yalikuwa kinyume chake: walimu ndio walioungana, na wanafunzi wakaishi chini ya kanuni zao. Mwaka 1158 Kaisari Frederick Barbarossa alitoa hati ya kuwalinda waliosafiri kutafuta elimu, wasikamatwe ugenini kwa madeni ya watu wa kwao. Tangu mwanzo, basi, kila haki ya chuo ilikuwa na mdaiwa wake. Mwanafunzi alimdai mwalimu muda wake, mwalimu alimdai mwanafunzi ada, na wote wawili waliudai utawala usalama wa njiani. Haki za chuo kikuu husomeka vizuri zaidi namna hiyo, kwa kuuliza kila mara nani anamdai nani, na deni lilipwe lini.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake kwamba jumuiya hutangulia kampasi. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi wasiofika 20, na vyumba katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Vyeti vyake vilitoka Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi, mafiga matatu ya elimu ya juu ya eneo hili, kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Katika safari hiyo yote majengo yalibadilika, jina likabadilika na mwenye kutoa shahada akabadilika. Mwanafunzi, mwalimu na swali lililowakutanisha havikubadilika.

Wanajumuiya wa chuo ni wengi kuliko wanaotajwa kwenye hotuba za mahafali. Wako wanafunzi na wanataaluma. Wako pia wakutubi, mafundi wa maabara, makatibu muhtasi, wapishi, walinzi, wahudumu wa mabweni na madereva, na hatimaye wahitimu, ambao uanachama wao haukomi wanapovua joho. Sheria ya Vyuo Vikuu ya Tanzania ya mwaka 2005 na ile ya Kenya ya mwaka 2012 zinagawa madaraka kwa namna inayofanana. Baraza la Chuo husimamia mali, ajira na mwelekeo wa taasisi, na Seneti husimamia taaluma: mitaala, mitihani na shahada. Nchini Tanzania wanafunzi wana wawakilishi katika vyombo hivyo. Kiti hicho cha uwakilishi ni haki ya maelfu iliyowekwa mikononi mwa mtu mmoja au wawili, na hutumika au hupotea kabla ya kikao kuanza, siku kabrasha linapofika. Mjumbe wa wanafunzi anayeingia kikaoni hajafungua kabrasha hana la kusema ajenda ya ada inapofika, na wenzake hulipa nyongeza ambayo hakuna aliyeihoji. Uongozi nao, ukimpelekea kabrasha hilo usiku wa kuamkia kikao, umemnyima kiti huku jina lake likisomeka kwenye mahudhurio.

Deni zito kuliko yote, na lililozua ugomvi mkubwa zaidi katika historia ya vyuo vya Afrika Mashariki, ni lile la msomi kwa umma uliomsomesha. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana wakiwa wamevaa majoho kwenda kumwona Rais Julius Nyerere, kupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa uliowataka wahitimu watumikie miaka miwili, sehemu kubwa yake kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400. Siku ileile alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa mwaka uliofuata. Hoja yake alikuwa ameshaitoa kabla ya hapo kwa mfano wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji humkusanyia mmoja wao chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila akanenepa kisha asirudi, amewasaliti.

Mfano huo una nguvu hadi leo kwa sababu unaitaja gharama ilikotoka. Nchi iliyokuwa na wahitimu wachache kiasi kile ilikuwa ikimlipia mwanafunzi mmoja kwa jasho la wakulima wengi ambao watoto wao hawakumaliza hata darasa la saba. Lakini mfano huohuo una upande wa pili. Mwanakijiji aliyetumwa ana haki ya kuwauliza wazee waliobaki nyumbani jinsi wanavyogawana kilichopo. Machi 1978 wanafunzi wa chuo hichohicho waliandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mwaka 1966 waliambiwa wanajifikiria wao wenyewe. Miaka 12 baadaye wao ndio waliowaambia viongozi neno lilelile, na zaidi ya 300 wakafukuzwa. Wajibu wa msomi kwa umma hauwezi kuwa na maana ya kunyamaza mbele ya wanaouongoza umma huo, na aliyewataka vijana wawe watumishi wa watu alipaswa kutarajia kwamba siku moja wangewasemea watu.

Uhuru wa taaluma umejengwa juu ya deni hilo. Kati ya maandamano hayo mawili kulikuwa na mgogoro wa Julai 1971, ambapo kiongozi wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alifukuzwa baada ya kuandika barua ya wazi kuulaumu utawala kwa namna ulivyokuwa ukiendesha chuo. Wenzake waligomea masomo, na polisi wakaonekana Mlimani. Barua ile haikuvunja dirisha wala kumzuia mtu kuingia darasani. Ilikuwa na hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja, hasa mahali ambapo kazi ya kila siku ni kuwafundisha vijana kuhoji.

Somo hilo lilichukua karibu miongo miwili kuandikwa. Aprili 1990 vyama vya wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu vya Tanzania vilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Novemba mwaka huohuo wasomi kutoka pande mbalimbali za Afrika walikutana Uganda na kutoa Azimio la Kampala. Inafaa kuzingatia kwamba maazimio yote mawili yaliweka neno wajibu katika majina yake. Waandishi wake walikuwa watu walioshuhudia wenzao wakifungwa, wakihamishwa na kuuawa. Frank Kalimuzo, aliyekuwa mkuu wa Makerere, alitoweka mikononi mwa utawala wa Idi Amin mwaka 1972. Watu wa namna hiyo walikuwa na kila sababu ya kudai uhuru peke yake. Waliona kwamba uhuru usio na mdai nje ya chuo hauna wa kuutetea siku unaposhambuliwa. Mwaka 1997 UNESCO ilitoa pendekezo lake kuhusu hadhi ya wanataaluma wa elimu ya juu, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 33, ikautaja uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi kwa jina. Katiba ya Tanzania inaulinda ndani ya uhuru wa jumla wa maoni, katika ibara ya 18.

Kwa mhadhiri, uhuru huo una mipaka inayotokana na kazi yenyewe. Ana haki ya kufundisha lililothibitishwa hata kama linamuudhi waziri, mfadhili au shehe na askofu wa mtaani kwake. Ana wajibu wa kuwaeleza wanafunzi ni wapi ushahidi unakoma na maoni yake yanaanzia wapi, na wa kumpa alama stahiki mwanafunzi anayempinga kwa hoja nzuri. Ana haki ya kuchagua mada ya utafiti wake, na ana wajibu wa kuchapisha matokeo hata yanapomwangusha yeye mwenyewe au aliyemlipia. Kurudia maelezo yaleyale yaliyoandikwa miaka 15 iliyopita, ambayo wanafunzi wameshayapata kwenye desa, yaani maelezo yaliyonakiliwa, la waliowatangulia, ni kutumia vibaya uhuru ambao wengine waliulipia kwa ukimbizi.

Haki inayowagusa wanafunzi wengi zaidi, hata hivyo, imo ndani ya kijitabu cha majibu ya mtihani. Ukikifuatilia kijitabu hicho tangu ukumbini, kila mkono unaokigusa una deni. Mtahiniwa huandika namba ya usajili, wala haandiki jina, ili msahihishaji asimjue ni mtoto wa nani wala wa kabila gani. Msimamizi wa chumba huhesabu vijitabu kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kunyanyuka. Mhadhiri husahihisha, na sampuli hupitiwa na mtahini wa nje kutoka chuo kingine, utaratibu uliorithiwa tangu enzi za London na unaostahili kutunzwa. Matokeo hupanda kutoka idara hadi ndaki au kitivo, kisha Seneti. Katika vyuo vingi vya Tanzania alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula, na mwanafunzi anapaswa kuziona kabla ya kuingia kwenye mtihani wa mwisho. Anayeingia ukumbini hajui kama ana 31 au 13 amenyimwa jambo la msingi, kwa sababu muda wa kulalamikia kosa la kujumlisha ulikuwa ule uliokwisha pita.

Neno la wanafunzi kwa aliyeondolewa masomoni kwa sababu ya alama ni kudisko. Kabla ya hapo kuna sapu, mtihani wa kurudia, na kukeri, yaani kulibeba somo hadi mwaka unaofuata. Maneno haya husemwa kwa utani chini ya miti, kwenye vile viti na meza za saruji vinavyoitwa vimbweta, lakini kila moja ni uamuzi wa kisheria wenye masharti yake. Anayeona ameonewa ana haki ya kukata rufaa, na ana wajibu wa kuiandika ndani ya siku zilizowekwa, kwa maelezo, na kulipa ada ya kusahihishiwa upya panapotakiwa. Chuo nacho kinadaiwa jibu kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza. Rufaa inayojibiwa kwa kukubaliwa baada ya wenzake wa mwanafunzi kuhitimu imemrudishia alama na kumchukulia mwaka mzima wa maisha, pamoja na mkopo wa mwaka huo.

Kanuni za nidhamu zinafuata msingi uleule. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa. Katiba ya Kenya, ibara ya 47, inadai uamuzi wa kiutawala uwe wa haraka, wa halali na wa haki, na aliyeathirika apewe sababu kwa maandishi. Mahakama za Kenya zimewahi kutengua maamuzi ya kuwafukuza wanafunzi kwa sababu hawakupewa nafasi ya kujitetea. Mara nyingi kosa la chuo katika mashauri kama hayo huwa dogo na la kuepukika: barua ya mashtaka isiyotaja kosa, au mwenyekiti wa kamati aliye pia mlalamikaji. Mwanafunzi aliyeiba mtihani anastahili kufukuzwa. Anastahili pia kuonyeshwa ile karatasi iliyokutwa mfukoni mwake na kuulizwa ana nini cha kusema.

Uhusiano wa msimamizi na mwanafunzi wa shahada za juu haumo sana katika kanuni, na ndipo madeni mengi hulala. Sura ya tatu ya tasnifu hukabidhiwa Februari ikiwa imefungwa vizuri kwa klipu. Juni bado iko kwenye rundo lilelile, chini ya barua za semina. Mwanafunzi hapigi simu, kwa heshima na kwa hofu, kwa sababu mtu huyohuyo ndiye atakayesema kama kazi inafaa kutetewa. Adabu ya mwanafunzi kwa mwalimu ni urithi wa thamani katika darsa za pwani na katika malezi ya bara pia. Haikukusudiwa kuwa pazia la kumficha mwalimu asiyefanya kazi yake. Msimamizi anadaiwa kusoma ndani ya muda uliokubaliwa na kuandika maoni yanayoeleweka. Mwanafunzi anadaiwa kazi aliyoiandika mwenyewe, yenye kutaja kila alikochota, maana wizi wa kitaaluma humwibia mwenye wazo na humdanganya anayesoma.

Pale mamlaka hayo ya alama yanapogeuzwa kuwa chambo, jambo limevuka kanuni za chuo na kuingia katika jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili kutoa huduma au haki anayopaswa kuitoa. Ofisi ya mhadhiri yenye mlango uliofungwa na alama isiyotangazwa ni mazingira yanayompa nguvu mdai wa rushwa hiyo. Kwa hiyo kutangaza matokeo kwa wakati na kusahihisha kwa namba badala ya jina humlinda msichana wa mwaka wa kwanza pengine kuliko bango lolote lililobandikwa korido. Wajibu wa wenzake wanaojua ni kutomwacha peke yake anapotoa ushahidi.

Wanafunzi wenyewe huweza kunyimana haki kwa ukatili usiopungua ule wa watawala. Kwa miaka mingi Mlimani kulikuwa na Mzee Punch, maandishi na michoro ya siri iliyobandikwa ukutani usiku. Iliwakejeli viongozi, na hapo ilikuwa na watetezi. Lakini zaidi na zaidi iliwalenga wanafunzi wa kike, ikiwadhalilisha kwa majina waliokataa kutongozwa au waliofaulu sana. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyesakamwa kwa namna hiyo alijitoa uhai. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kililivalia njuga suala hilo, na Punch ikapigwa marufuku. Ni jambo la kuumiza kwamba mwaka uleule, katika mji uleule, wanataaluma walikuwa wakiandika azimio la uhuru wa kusema. Matukio hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Uhuru wa maoni chuoni humlinda mtu anayesema kwa jina lake jambo linaloweza kujibiwa. Aliyejificha gizani kumchafua mwenzake hakuwa akitumia haki hiyo, na waliosimama asubuhi kusoma ukuta na kucheka walikuwa na sehemu yao katika kilichotokea.

Yapo pia makosa madogo ya kila siku ambayo wanafunzi hutendeana. Kitabu chenye nakala moja hufichwa rafu ya somo jingine ili aliyekificha akikute peke yake wiki ya mitihani. Kurasa za ripoti ya kesi hukatwa kwa wembe, na miaka 20 baadaye mwanafunzi ambaye hakuwa amezaliwa siku ile hufika ukurasa wa 212 na kukuta unaofuata ni wa 219. Kubebana, yaani kumlaza chumbani mwenzako aliyekosa kitanda, kuna sura tofauti. Kanuni hukataza, na maji na vyoo huzidiwa kweli, lakini kosa hilo limezaliwa na upungufu wa mabweni, na wengi hulitenda kwa huruma. Chuo kinachodahili wanafunzi kuliko kinavyoweza kuwalaza kina deni kabla hakijamwandikia barua aliyembeba mwenzake.

Wafanyakazi wasiofundisha hudai kwanza kuonekana. Mlinzi anayetaka kitambulisho getini hutukanwa na mwanafunzi mwenye haraka na profesa mwenye gari. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini alfajiri, hakuna mwenye haki ya kuliona geti kuwa usumbufu. Mlinzi huyo naye anadaiwa kumkagua mkuu wa idara na mfagizi kwa kipimo kimoja, na chuo kinadaiwa kumlipa mshahara wake mwezi unapoisha, hata kama ameajiriwa kupitia kampuni ya nje.

Maandamano na migomo ni haki panapokuwa na amani, nayo mara nyingi huanza pale madeni mengine yote yalipokosa kulipwa: bumu, yaani fedha za kujikimu, halikutoka, barua hazikujibiwa, kikao kiliahirishwa mara ya tatu. Anayegoma anadaiwa kumwachia njia mwenzake anayetaka kuingia darasani, na kutorusha jiwe, kwa kuwa dirisha la maktaba si la Makamu Mkuu wa Chuo. Utawala unadaiwa kuzungumza kabla ya kuita polisi. Adhabu mbaya kuliko zote ni kukifunga chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa Mei 1990 na hakikufunguliwa hadi mwaka uliofuata, na aliyegoma na aliyekuwa amelala hospitali wakapoteza miezi ileile. Adhabu ya pamoja haitofautishi, na kamati ya nidhamu ipo ili kutofautisha. Kenya ilijaribu njia nyingine kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, ambayo yaliwataka wanafunzi wachague wajumbe, na wajumbe ndio wachague viongozi. Nia ilikuwa kupunguza vurugu za kampeni, lakini mwanafunzi akasogezwa hatua moja mbali na yule anayemsemea.

Kwa mhitimu, madeni hubadilika sura. Anakidai chuo nakala za matokeo yake na uthibitisho wa cheti wakati wowote mwajiri anapouliza, hata baada ya miaka 40, na ndiyo sababu kumbukumbu za msajili zinahitaji kulindwa kuliko magari ya chuo. Yeye anadaiwa na waliomfuata. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukusanya marejesho kutoka kwa wanufaika walioajiriwa rasmi kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na fedha hizo huingia katika mfuko unaowakopesha wanafunzi wapya. Mwalimu wa sekondari anayekatwa mwisho wa mwezi mara nyingi hukereka akiitazama hati ya mshahara, na wakati mwingine ana sababu, hesabu za deni lake zinapokuwa hazieleweki na ofisi inapochelewa kuzirekebisha. Wakati huohuo, darasani kwake, yumo mwanafunzi wa kidato cha sita atakayejaza fomu ya kuomba mkopo kutoka mfuko uleule.